Pikapu ya Baba na Mikono ya Fundi Odong

Enyi wa rika langu mliokulia Gudele, hapa Juba, miaka ile ya kwanza baada ya watu kurudi kutoka Uganda, mtakumbuka jinsi tulivyojua sauti za magari. Gudele ilikuwa nyasi na vichuguu, nyumba za udongo zimesimama mbalimbali, na gari likipita watoto wote tulinyamaza kulisikiliza. Tulilijua la padri kwa breki zake. Tulilijua tenka la maji likiwa bado mbali, tukakimbilia madumu. Watoto wa leo wameziba masikio kwa vile vidude vyeupe. Injini ikigonga, wao wanaongeza muziki. Juzi nimempakia binti yangu kutoka Gurei mpaka nyumbani, gari linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, naye alichoniuliza ni kama nina waya wa chaji.

Nyumbani kwetu kusikiliza injini ilikuwa kazi ya familia, na sababu ni kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kumvunjia heshima, mwenyewe alijisifu. Kule Koboko, ukimbizini, aliuziwa mahindi yaliyojazwa mchanga chini ya gunia, akauziwa baiskeli ambayo mwenyewe halisi alimfuata mpaka kanisani. Aliporudi Juba alikuja na sufuria, na godoro, na hiyo tabia. Maziwa aliyanusa kabla hayajamiminwa. Nyama aliipima kwa kiganja huku akimtazama mwuza nyama machoni. Mgeni akiingia uani, Baba alimsalimia vizuri sana, kisha akahamisha kiti chake ili aweze kuliona geti.

Alipopata pikapu, Hilux ya petroli, kuukuu, rangi yake ya bluu imepauka, tabia hiyo ilipata makao. Pikapu ndiyo iliyotulisha. Ilibeba mkaa, ilibeba ndizi na mihogo kutoka sokoni Konyokonyo kwenda vibanda vya Gurei, ilibeba hata maiti ya jirani pale watu walipokosa gari. Baba aliamini kwamba mafundi wote wa Juba wana mchezo mmoja: unapeleka gari na kifaa kizima, unarudishiwa na kibovu. Basi alichukua rangi ya kucha ya Mama, nyekundu, akatia nukta kwenye kila kitu alichoweza kukifikia. Betri, kabureta, stata, plagi zote, hata kifuniko cha rejeta.

"Mimi mwenye kucha sina hata kidole kimoja chekundu," Mama alilalamika, "lakini gari linaenda arusini."

Fundi wetu aliitwa Odong. Mwacholi kutoka Gulu, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kumsogelea. Gereji yake ilikuwa rakuba tu, kibanda cha miti na nyasi kando ya barabara, na shimo limechimbwa katikati ili aingie chini ya magari. Mkewe alikaanga chapati hapohapo mbele. Tulisali nao kanisa moja, na kwa kuwa Kiarabu cha Juba kilikuwa bado kinawapiga chenga, nyumba zetu mbili zilizungumza Kiswahili, kile cha Uganda ambacho mwalimu wangu wa baadaye kule Kitale alikisikia akashika kichwa.

Binti yao Akello alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulicheza kwepena kwa mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba, tukachora miraba ya sweswe kwenye vumbi, tukairuka kwa mguu mmoja mpaka miguu ikawa myeupe. Tulikula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili hadi meno yakakataa kutafuna chakula cha kweli. Mama yake alitupa chapati zilizovunjika, mama yangu akatupa maji ya ukwaju yaliyogandishwa kwenye vifuko, tunayanyonya pembeni huku ulimi umekufa ganzi. Jioni ilikuwa asida, ugali wetu, na kombo, mboga iliyopondwa na karanga, na harufu ya mwarobaini unaofukizwa kufukuza mbu. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli iliyochanganyika na chapati, namwona Akello.

Halafu pikapu ikaugua.

Ilianza asubuhi moja. Iliwaka, lakini ilitikisika kama inataka kupiga chafya, na moshi mweupe ukatoka nyuma. Wenyewe tulisema gari linamisi. Ikipanda kile kilima kidogo cha kuelekea sokoni, ilikuwa inavuta kama punda aliyechoka, na vijana waliokuwa wakitembea kwa miguu walitupita. Baba aliinamisha sikio kuelekea boneti njia nzima. Mimi nilijua anawaza nini, maana siku chache nyuma pikapu ilikuwa imelala kwa Odong kubadilishwa klachi.

Mwingine angerudi kwa fundi. Baba alifunga geti, akaweka na pipa nyuma yake, akatangaza kwamba ugonjwa huu utapimwa hapahapa nyumbani, na hakuna mtu wa nje atakayetia jicho.

Jumamosi hiyo naikumbuka yote. Mama alikaa kwenye usukani, mguu kwenye mafuta, kitenge kimefungwa vizuri kana kwamba anakwenda kumtembelea askofu. Mimi na wadogo zangu tulipangwa mbele ya boneti. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Baba alivaa kandambili za mpira, akashika kitambaa kikavu, akatueleza kwa sauti ya mtu anayepanga vita.

"Injini hii ina silinda nne. Kila moja ina plagi yake. Nikichomoa waya wa plagi nzima, injini italia, itashuka. Nikichomoa waya na sauti isibadilike, basi silinda hiyo ilikuwa imelala tangu zamani, haifanyi kazi. Mmesikia?"

"Tumesikia, Baba."

Akachomoa wa kwanza. Injini ikashuka, ikatetemeka. "Imebadilika?"

"Imebadilika!"

Akaurudisha, akachomoa wa pili. Hapo kitambaa kilimteleza, umeme ukampiga mkono, akaruka nyuma akitaja jina la marehemu bibi yake. Sisi tulicheka mpaka Mama akapiga honi kutunyamazisha. Wa pili nao ulibadilisha sauti. Alipochomoa wa tatu, wapi. Yaani injini iliendelea na kutetemeka kwake kulekule, kama vile hakuna kilichoguswa.

"Imebadilika?"

Nikasema mimi, "Haijabadilika, Baba."

Alizima gari, akafungua plagi ya silinda ya tatu kwa spana, akaishika juu kwenye mwanga. Nilitegemea kuona masizi meusi. Ilikuwa safi, nyeupe, kama imeoshwa na sabuni. Baba aliigeuza polepole, upande huu na upande ule.

"Nukta yangu haipo," alisema.

Hakufungua zile nyingine. Kwake ilitosha. Aliifunga plagi kwenye leso kama mtu anayebeba ushahidi, akamtuma mdogo wangu kumwita Odong.

Odong alikuja akifuta mikono, akadhani anaitwa kazini. Alipoambiwa, alibaki amesimama katikati ya uani, mikono yake mikubwa ikining'inia. Majirani walishaanza kuchungulia juu ya ua.

"Baba Poni," alisema kwa ile sauti yake ya chini, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "mimi si mwizi. Plagi hiyo sikugusa. Mimi nilifanya klachi tu."

"Nani mwingine aliingia ndani ya gari langu?"

"Mimi sijui. Lakini plagi kama iko nyeupe hivyo, hiyo ni maji. Maji inaingia kwa silinda. Fungua rejeta wakati injini iko baridi, halafu washa. Kama iko toa povu, hiyo ni gaskiti, ile inaziba kichwa ya injini, imeungua. Acha mimi nikuonyeshe."

Alinyoosha mkono kuelekea boneti. Baba akasimama mbele yake.

"Mkono wako usiingie tena ndani ya gari langu. Kalas. Imetosha."

Odong alimtazama. Halafu akanitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa karibu. Akaondoka bila kuaga, yeye ambaye alikuwa akimwamkia hata mtoto wa kubebwa.

Habari ilizunguka Gudele kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata shimo la gereji ya Odong lilikuwa tupu, na waliokuwa na magari walipita wakitazama upande mwingine. Mimi nilikatazwa kucheza na Akello. Tulikuwa tukionana kupitia matundu ya misumari kwenye bati la ua, jicho langu na jicho lake. Siku moja aliniuliza, "Baba yako anasema na sisi watoto tunaiba?" Nikasema hapana. Akapenyeza kipande cha chapati chini ya bati. Nilikila nikilia, na nikaogopa Baba asije akanusa mkono wangu.

Ndani ya nyumba mambo yakazidi. Baba alimshuku muuza chai wa ng'ambo kwamba anapeleleza. Alimshuku kijana wa tenka. Aliweka kijiti kwenye mwanya wa boneti ili ajue kama imefunguliwa, kisha kuku akakiangusha tukahojiwa wote. Alinunua plagi mpya, akazifunga mwenyewe, na kwa siku mbili gari likatembea vizuri kiasi cha yeye kutembea kifua mbele. Ya tatu likarudia kumisi.

Mama naye alikuwa na shaka yake, ila yeye alishuku kimya. Alimtazama baba mdogo Wani, ndugu yake Baba, aliyekuwa akiishi nasi na kuazima pikapu siku za mwisho wa wiki kubeba viti vya harusi. Wani alikuwa mcheshi, mwimbaji, mtu wa kutuletea pipi. Tangu pikapu iugue alikuwa haimbi. Tena mkono wake ulikuwa na lengelenge kubwa kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Alisema alimwagikiwa na chai.

"Chai gani hiyo," Mama alininong'oneza tukiosha vyombo, "inayomwagika kutoka chini kwenda juu?"

Baba alipokwenda kwenye matanga huko Gurei, kwa boda maana pikapu haikuaminika, Mama alitoa pipa getini akaniita. Aliniketisha kwenye usukani. Nilikaa ukingoni kabisa mwa kiti ili mguu ufike. Alifungua plagi zote, akazipanga kwenye sinia. Hakuna hata moja iliyokuwa na nukta, na hizi Baba alikuwa amezifunga na kuzitia alama kwa mkono wake. Nukta zilikuwa zimebaki vimadoa vya kahawia, ukivigusa vinabanduka. Moto wa injini ulikuwa umezila.

Mama aliketi juu ya bampa. "Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, Odong."

Halafu akaendelea, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Aliweka kidole gumba kwenye tundu la silinda ya kwanza, kama alivyozoea kumwona Odong akifanya, akaniambia nizungushe stata. Upepo ukamsukuma kidole kwa nguvu. Ya pili vilevile. Ya tatu, alisema, ilikuwa kama kupumuliwa na mzee. Alitia kijiko cha oili ndani, tukarudia, haikuongeza nguvu. Kwa hiyo si ringi za pistoni zilizochoka. Tulirudisha plagi, akafungua kifuniko cha rejeta kama Odong alivyosema, nikawasha. Nilishuka tukachungulia pamoja. Maji yalikuwa yanachemka povu kama uji, na injini bado baridi.

Baba aliporudi, Mama alimshika mkono. Alimpeleka tu mpaka kwenye sinia la plagi, akamwacha. Baadaye akamwashia gari, akamwonyesha povu. Baba alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma.

Chakula cha jioni kilikuwa samaki mkavu, na mwanga ulikuwa bado upo. Mama alimpakulia Wani, akamwuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za shule: "Wani, siku ile ulipobeba viti vya harusi, gari lilipata joto?"

Wani aliacha kutafuna.

Alieleza yote. Sindano ya joto ilipanda mpaka nyekundu, yeye akaona aibu kusimama mbele ya wageni, akaendelea. Mvuke ulipotoka alifungua kifuniko cha rejeta, maji yakamrukia mkono. Akamwaga maji baridi ya mtoni kwenye injini yenye moto, ikalia tii, akaomba Mungu, akarudi nyumbani.

"Na ukaniacha nimwite mtu mwizi mbele ya mtaa mzima," Baba alisema.

"Ndugu yangu, ningesema, ungeniamini kwamba ni bahati mbaya? Wewe hunusa hata maziwa ya watoto."

Nilidhani Baba atampiga. Aliinuka, akaenda nje, na hakuna aliyemfuata.

Jumapili, wakati wa matangazo, Baba aliomba ruhusa akasimama mbele. Hakuwa msemaji. Alisema, "Nilisema Odong amenibadilishia plagi. Hakubadilisha. Nilikosea mimi, na mliosikia kwangu, sikieni tena kwangu." Akarudi kukaa, shati limelowa mgongoni. Odong alikuwa kwenye benchi la upande wa pili, hakugeuka.

Baada ya ibada Baba alimfuata chini ya mti wa mwarobaini, akamwomba aje kutengeneza gaskiti. Nilikuwa nimeshamshika Akello mkono, hakuna aliyetukataza.

"Nimesikia maneno yako," Odong alisema. "Mimi nimesamehe. Lakini uliniambia mkono wangu usiingie, na mkono wangu haiingii. Mimi nitakuja, nitakaa kando, nitakuambia. Wewe mwenyewe ufungue."

Na ndivyo ilivyokuwa. Odong alikaa juu ya dumu lililogeuzwa, mikono ameikalia, akielekeza. Baba alikuwa amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. "Anza na bolti za pembeni, usikimbie. Pole pole. Sasa hiyo." Bolti moja ilikataa. Baba alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, spana ikateleza, vidole vikachubuka. Odong aliinuka ghafla, mikono imeshanyooka. Kisha akajirudisha, akaketi tena juu ya mikono yake.

"Tia oili, subiri kidogo," alisema.

Kazi iliyokuwa ya mchana mmoja ilichukua siku kadhaa. Pikapu ilipowaka, sisi na Akello tulipangwa tena mbele ya boneti, Baba akachomoa waya mmoja mmoja. Safari hii zote nne zilibadilika. Tulipiga kelele mpaka mbwa wakajificha. Magari yalirudi kwenye shimo la Odong, si yote, lakini yalirudi. Na kwa miaka iliyofuata, kila pikapu ilipougua, mambo yalikuwa hayohayo: Baba ndani ya boneti, Odong juu ya dumu, chai katikati. Watu walidhani ni urafiki wa ajabu. Ulikuwa pia adhabu, na Baba aliipokea bila kunung'unika.

Mapigano yalipoingia Juba, Odong aliamua kurudisha familia yake Gulu. Baba alisema atawapeleka mwenyewe mpaka mpakani Nimule. Nilikwenda nao, nyuma, katikati ya magodoro, mimi na Akello tumefunikwa turubai moja. Barabara ilikuwa ya hofu. Kila aliyesimama kando tulimtazama mikono kwanza, kama ana bunduki. Na palepale mahali ambapo hakuna mtu angetaka kusimama, pikapu ikamisi, ikakohoa, ikazima.

Kabla Baba hajafungua mlango, Odong alikuwa ameshashuka. Alifungua boneti, akaingiza mikono yake yote miwili ndani mpaka mabegani.

Nilichungulia kupitia kioo cha nyuma. Nilimjua baba yangu. Nilimngoja ashuke akasimame karibu, ainamishe kichwa, atazame kila kidole kinapokwenda. Hakushuka. Alikaa kwenye usukani, akatazama mbele, ijapokuwa boneti ilikuwa imeinuka na mbele hakuonekani kitu. Odong akasema, "Washa." Akawasha. Injini ikaitika yote. Odong alifunga boneti, akaingia, tukaendelea na safari, ila nilimwona mke wa Odong, aliyekaa katikati yao, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Baba amekwishatutoka. Odong nilisikia ana gereji kubwa Gulu, na Akello ana watoto wake. Mimi nimerudi Gudele ileile, ambayo sasa ina kuta za matofali na vipande vya chupa juu yake. Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka kwenye gari langu. Nilipiga simu, akaja kijana kutoka mtaa wa Thongpiny, nadhifu, na kifaa kidogo mkononi. Alikichomeka chini ya usukani, akasoma kwenye simu yake, akaniambia silinda ipi imelala na koili ipi ya kubadilisha. Hakusikiliza kitu. Hata injini hakuiwasha kwanza. Nilisimama karibu naye muda wote nikitazama vidole vyake, kama nilivyofundishwa, naye hakuona ajabu. Nadhani kila mteja humtazama hivyo.

Alikuwa amefanya kazi nzuri. Nilimwambia, "Kaa, mwanangu, chai iko tayari."

"Asante, Madam, nina mteja mwingine," alisema, na alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

Nilitaka kumwuliza anatoka wapi, baba yake ni nani, anasali wapi. Zamani hayo tuliyajua kwanza, gari baadaye, na hata tulipomshuku mtu tulikuwa tunamjua mkewe na tunakula chapati zake. Pikipiki ikaondoka. Nilifunga geti, nikamimina chai kikombe kimoja, nikainywa nimesimama.